Daraja la Pili

Rula yangu ni fupi, ya plastiki, mwanga unapita.
Ncha yake niliikata kwa wembe ianze na sifuri.
Naichovya kwenye dawa, naipangusa, namwambia mtoto:
uma kwa magego, taratibu,
kama unavyouma kokwa ya tende usiyotaka kuivunja.
Kisha nasoma hewa iliyobaki
kati ya meno ya juu na ya chini.
Mbili: rudi darasani.
Tano: tutazungumza.
Kumi: daraja la tano, jina linavuka Mokowe, linapanda basi la Mombasa.

Kipimo hakijumlishi. Hutafuta kasoro moja,
iliyo kubwa kuliko zote,
na kwa hiyo moja hukihukumu kinywa kizima.
Hapa Langoni tunao wakwe wa namna hiyo.

Bwanaheri Famau, miaka kumi na mitatu,
anaingia anacheka tayari.
Milimita kumi na moja. Narudia, isije ikawa mkono wangu.
Kumi na moja.
Mdomo wa chini umejibanza nyuma ya meno
kama mtu aliyekimbilia ukingo wa paa mvua ikimkuta njiani.
Jino moja halina ncha. "Nilianguka ukutani," anasema,
"bahati nilitua na meno."
Namtandazia picha kumi za tabasamu,
kutoka lililonyooka hadi lililopinda: onyesha lako.
Anaweka kidole kwenye la tatu.
Mimi nimeshaandika la tisa.
"Unayaonaje, Bwanaheri?"
"Nayaona kwa ndani, daktari.
Kwa ndani yako sawa."

Nje punda wa saruji ameziba kichochoro,
watu wanamtukana kwa zamu.

Mwanamize amekuwa kwenye foleni tangu saa mbili,
ncha ya mtandio ameibana kwa midomo.
Naomba mara tatu ndipo anaifungua.
Jino moja tu, la mbele kushoto, limegeuza bega,
kama mtu anayempisha mwenzake njia nyembamba.
Milimita moja na nusu. Daraja la pili.
Haja ya matibabu: ndogo.
Namwambia kwa bashasha, kama mleta habari njema,
naye anainama.
Picha? Kidole hakisiti.
Kinakwenda kwenye ya kumi.

"Teka, mwanangu, daktari aone," anasema Bi Swafiya, bibi yake.
Kwa Kiamu chetu kucheka ni kuteka;
asiyejua angedhani mtoto anatumwa kisimani.
Mtoto hateki. Mwaka wa pili huu
hajacheka mbele ya mtu, bibi ananinong'oneza.
Nageuza fomu mbele, nyuma.
Hakuna kisanduku cha hilo.

Mimi mwenyewe nina mwanya.
Chuoni tulipimana kwa zamu, mwalimu akasema, kwa huruma,
tunaweza kuufunga.
Sikumwambia kwamba shangazi zangu
waliutia mwanya huo kwenye hesabu ya mahari.

Na baba, aliyechonga milango hadi vidole vikakataa,
hakuamini futi. Alikutanisha mbao mbili,
akazima taa, akachungulia mwanga unapenya wapi.
Mlango, alisema, haukaguliwi ukiwa wazi.

Tangu asubuhi nimekagua vinywa sitini na viwili, vyote wazi.

Kwa penseli, pembezoni, naandika: hacheki.
Mombasa watafuta. Wana sababu zao:
kiti ni kimoja, madaraja ya tano ni mengi,
na Bwanaheri hawezi kufunga midomo hata akilala.
Najua. Ningekuwa mimi ningefuta pia.
Naandika tena, mara hii kwa wino.

Dirishani mtu anapiga mluzi,
mluzi mpana, wenye milimita kumi na moja.
Punda anaondoka.
Mtandio wa Mwanamize umetikisika kidogo,
au ni feni.
Sikuona meno.
Rula iko kwenye dawa.

Haya, anayefuata.